Hodi Kutoka Kisiwa cha Nje

Habari ya bibi wa Kisiwa cha Nje, Mama Bosi aliisikia kwanza kwa mama mkwe wake, na aliisikia kama mzaha. Walikuwa barazani wakichambua mchele. Mama mkwe akasema, "Nina mteja wangu mmoja kisiwa chake hakina watu, lakini jioni hakosi kupiga hodi." Mama Bosi akacheka kwa adabu, kama anavyocheka mwanamke aliyeolewa ugenini, akarudi kwenye mchele wake.

Visiwa vya halmashauri yao vimetawanyika baharini kama punje zilizomponyoka mtu gizani. Kimoja hakikioni kingine. Chao kilikuwa chembamba kama ukucha: barabara moja, shule ya mwalimu mmoja, tangi la maji la saruji, na kilima chenye kijumba cha redio juu yake. Meli ya mizigo ilikuja ilipopenda. Meli ikishaondoka, jirani aliyebaki ni redio. Kila jua likikaribia kuzama, karani wa makao makuu huita kisiwa kimoja kimoja, nacho hujibu: maji yapo au yamepungua, kuna mgonjwa au hakuna, bahari imeshindaje. Mama mkwe alikuwa mtunza redio tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Ndiyo maana watu walimwita Mama Hewani.

Jioni moja Mama Hewani alikuwa ameteguka mguu.

"Nenda wewe, Mama Bosi," akasema.

"Mimi, mama? Mimi sauti sina."

"Ya kufukuzia kuku unayo. Nenda. Ila nisikilize vizuri. Mtu akiita, sema 'nakusikia', basi. Usiseme karibu."

"Kwa nini?"

"Hewani hatumkaribishi mtu. Humwoni aliye mlangoni."

Mama Bosi akamfunga mwanawe mgongoni. Mtoto walimwita Bosi kwa sababu nyumba nzima ilikuwa ikimtumikia. Baba yake alikuwa baharia kwenye ile meli ya mizigo, na tangu ameondoka Bosi alikuwa ameota meno ambayo baba hajayaona.

Kijumba cha redio kilikuwa na meza, kiti, na betri mbili sakafuni. Aliwasha. Taa nyekundu ikawaka. Karani alipoita, akajibu kwa sauti iliyokuwa ikitafuta pa kujificha.

"Ahaa!" karani akacheka. "Leo Mama Hewani kawa kifaranga!"

"Mimi ni mkwewe..."

"Pole, kifaranga. Maji?"

"Yapo."

"Mgonjwa?"

"Hakuna. Yaani... mama, mguu tu."

"Mpe pole yake. Nafunga."

Redio ikabaki ikivuma peke yake. Alitakiwa kuzima. Lakini mara nyingine meli huita baada ya karani kufunga, na sauti ya mumewe hakuwa ameisikia tangu lini. Akakaa. Nje mwanga ulikuwa unakwisha. Bosi alikuwa amelala, pumzi yake ya moto shingoni kwa mama yake. Akaongeza sauti kidogo.

Mvumo... mkwaruzo... mvumo.

Kisha, kwa mbali sana:

"Hodi."

Akainua kichwa.

"Hodi wenyewe..."

Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee, sauti ya mtu aliyesimama muda mrefu. Na Mama Bosi alilelewa vizuri. Kwao, hodi isiyoitikiwa ni aibu ya nyumba nzima. Neno lilimtoka kabla hajalishika.

"Karibu."

Mvumo ukakatika, kama mtu aliyefumbwa mdomo.

"Ahsante, mwanangu," sauti ikasema. "Nimechoka kusimama."

"Nani mwenzangu?"

"Mtoto wako analia."

Bosi hakuwa analia. Mama Bosi akageuza shingo kumtazama, na hapo hapo mtoto akashtuka, akaangua kilio.

"Usihangaike," sauti ikasema. "Nitakusaidia kumbeba."

Maneno hayo hayakutoka kwenye redio.

Yalitoka mlangoni.

Akazima mashine, akatoka bila kutazama kulia wala kushoto. Mlangoni alipita katika harufu: maji ya chumvi yaliyolala chomboni, na moshi wa jiko lililozimika zamani. Akashuka kilima haraka. Bosi alikuwa amenyamaza. Hatua chache tu, na mzigo wa mgongoni ukapungua.

Alisimama. Akapeleka mkono nyuma. Mtoto yupo, ana joto, mguu wake huu hapa. Lakini uzito wake haukuwepo. Kitambaa kilikuwa kimelegea, kama kinavyolegea mtu anapokuja nyuma yako akamwinua mtoto kwa chini ili upumzike mabega.

Bosi akacheka.

Kwenye tangi alimkuta mzee mlinzi wa maji, waliyemwita Bwana Mfereji, anafunga koki. Huyu ndiye alikuwa mkubwa kwa umri kisiwani kote. Alipenda kujisifu kwamba shikamoo yeye hupokea tu, hana tena wa kumpa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mama Bosi. Vipi, leo kilima kimekupa mbio?" Kisha macho yake, yaliyoanza kuingia ukungu, yakapita juu ya bega la Mama Bosi. Mzee akavua kofia.

"Shikamoo, mama," akasema.

Mama Bosi hakusikia aliyeitikia. Alimwona Bwana Mfereji akitikisa kichwa, kama mtu aliyejibiwa.

Nyumbani, Mama Hewani alimtazama mara moja tu, akaweka chini mguu wake mbovu.

"Umesema nini huko juu?"

"Mama, nilisahau... nilisema karibu."

Mama Hewani hakugomba. Ingekuwa nafuu angegomba. Alinong'ona, macho yakiwa kwenye kiti kilichokuwa kitupu karibu na mlango.

"Maji ya Kisiwa cha Nje yalipoingia chumvi, halmashauri ilileta meli ikawahamisha wote. Bibi mmoja akakataa. Alikuwa amezika watoto na wajukuu pale, akasema hawaachi. Wakamwachia redio. Aliniita kila jioni, tukaongea, mpaka betri yake ikafa."

"Halafu?"

"Halafu akaendelea kuniita."

Upepo ukasukuma pazia. Hakuna aliyeinuka kulifunga.

"Hana ubaya," Mama Hewani akasema. "Ni upweke tu. Lakini upweke ule, mwanangu, hauna kipimo. Mtoto akishamzoea, siku bibi akiondoka ataondoka naye."

"Tumfukuze basi!"

"Mgeni hafukuzwi. Husindikizwa, na wa kumsindikiza ni aliyemkaribisha. Alfajiri mpeleke mpaka gatini, umuage. Mtoto umbebe, ili yeye akufuate. Na umuage kwa moyo. Ukimuaga kwa mdomo tu, hatakusikia."

Usiku huo Mama Bosi alimlaza mwanawe kifuani, akaapa hafumbi macho. Chumba kilinuka chumvi. Miguuni pa kitanda kulikuwa na mtu anahema, polepole, kama mlezi anayeogopa kuamsha watu. Tangu mumewe aondoke, hakuwa amesikia pumzi ya mtu mzima chumbani mwake. Alilala na ukimya, akaamka na ukimya. Alijiambia hii ni hofu, hii ni hofu... na usingizi ukamchukua, mzito, mtamu, ambao hakuwa ameupata miezi mingi.

Alipozinduka, kifua chake kilikuwa kitupu.

Bosi alikuwa sakafuni karibu na mlango, mkavu, amefungwa nepi kwa fundo ambalo hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kulifunga. Alikuwa amekaa mbele ya kile kiti, akikinyooshea mikono yote miwili ili abebwe. Mama yake alipomnyanyua, alilia, akajipinda kurudi kwenye kiti.

Asubuhi hiyo hakunawa uso. Alimfunga mwanawe mgongoni, akafungua mlango wazi, akasema, "Twende, bibi, nikusindikize." Akashika barabara ile moja. Kisiwa kilikuwa bado kimelala. Alipita shule, akapita tangi, hakugeuka nyuma. Safari hii Bosi alikuwa mzito, uzito wake wote, na mama yake akajaribu kufurahi.

Mwisho wa gati hakukuwa na kitu ila maji, na mbele ya maji, maji. Hakuna meli. Hakuna kisiwa kingine machoni. Akasimama pale, akaiwaza nyumba aliyoiacha, kitanda chake, usiku ujao, na usiku wa baada ya huo.

"Kwaheri, bibi," akasema. "Ahsante kwa kututembelea. Nenda salama."

Aliyasema vizuri, kila neno mahali pake, kwa mdomo.

Mgongoni, mtoto akatikisika. Mama Bosi akageuza shingo. Bosi alikuwa ametoa mkono nje ya kitambaa, anapunga, na anacheka. Lakini hakuwa anaipungia bahari. Uso wake ulitazama nyuma, juu ya barabara, kwenye nyumba yao, ambako mlango aliouacha wazi ulikuwa umefungwa.

Alikaa kwenye jiwe la gati mpaka jua likapanda. Kisha, kwa kuwa kisiwa kile hakikuwa na pengine pa kwenda, alipanda barabara polepole, mtoto akizidi kuwa mwepesi kwa kila nyumba aliyoipita. Akafika mlangoni pake mwenyewe, akavua viatu.

Akapiga hodi.