Jibu Lililobaki Chini

"Njoo utoe waya wako dirishani kwetu kabla hujaondoka!"

Msusi alisimama uani, aproni nyeusi imejaa vipande vya nywele, kitana kimechomekwa kichwani.

"Nitautoa. Ngoja nishushe godoro," Fundi akajibu kutoka kwenye ngazi.

"Hee, mpaka godoro! Kumbe unahama mzima mzima."

"Ulitaka nikuachie?"

"Nilale na harufu yako? Koma!"

Wateja wawili, vichwa vimesukwa nusu, walitoka saluni wasikie vizuri. Wapangaji wa juu walishaegemea roshani zamani. Hakuna aliyejisumbua kujifanya anafua.

Kwa ambaye hakuwepo mwanzoni, mambo yalianzia humo humo saluni. Fundi wa kompyuta, mpangaji wa ghorofani, aliingia siku imefurika watu, akiomba pa kuchaji simu. Macho yakatua pembeni, kwenye skrini kubwa kuukuu iliyovalishwa wigi.

"Dada, mtu mzima huyu mnamvalisha wigi?"

"Ya mama yangu hiyo. Kafanya nayo kazi ofisini miaka, walipoitupa akaibeba. Unaijua?"

"Terminali. Yenyewe haina akili, inangoja kuletewa herufi kwa waya. Naweza kuiamsha."

"Amsha basi, tuone kama si mdomo tu."

Alirudi amevaa shati lililopigwa pasi, na saluni nzima ikaliona. Mashine ikahamishiwa sebuleni kwa mama yake Msusi, nyuma ya saluni, naye akateremsha waya hadi humo kutoka dirishani kwake: huku terminali, kule kompyuta yake, na kompyuta ikaiingiza terminali kwenye mtandao wa intaneti. Herufi za kijani zikawaka. Mama, ambaye maandishi ya simu yalishamshinda, akasoma habari za dunia kwa sauti mpaka majirani wakaomba apumzike. Alilalamikia kitu kimoja tu, kwamba herufi anazobonyeza zinachelewa. Fundi akamwekea zionekane papo hapo, bila kungoja kompyuta ya juu.

Mama akisinzia, waandishi walikuwa wengine. Kwenye simu Msusi hakuwa na siri. Mikono yake ikiwa nyweleni, mteja ndiye anayemsomea meseji, tena kwa sauti. Kwenye terminali alikuwa peke yake.

"Umenikumbuka, mpenzi?" Fundi aliandika kutoka juu.

"Sana. Hata kazi haiendi."

"Muongo wewe. Nimekusikia unavyocheka tangu asubuhi."

Wiki hii Fundi aliitwa kazini mji wa mbali. Siku hiyo hiyo alibadilisha waya, akaupitisha pembeni usikwame kwenye nguo za watu. Jioni akaandika: "Nimepata kazi mbali. Ukisema nibaki, nabaki." Akakaa mbele ya kompyuta kama anayesubiri maji yachemke. Hakikuja kitu. Asubuhi akapiga simu, akapokea mteja.

"Naomba umpe simu."

"Ana rangi mikononi, shemeji. Anasema jibu ameshakupa, unataka lipi tena?"

Saluni nzima ikaangua kicheko. Fundi akakata. Kumbe kunyamaziwa ndilo jibu lenyewe. Akawapigia wa kazini, akakubali.

Naye Msusi alipoona mizigo inaanza kushuka, angeulizaje mbele ya umati ule? Ijulikane kamwomba mwanaume abaki, na mwanaume kakataa? Akadai waya utolewe, basi.

Fundi akaingia sebuleni, bisibisi mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usiiguse hiyo mashine. Mtu kaambiwa maneno matamu vile, halafu anafungasha!"

"Maneno gani, mama?"

"Si hayo hapo? Nimekataa kuizima."

Fundi akainama. Chini ya swali lake, kwa kijani, palikuwa na maandishi: "Baki. Ukiondoka nitamtania nani? Baki, mpenzi wangu."

Alipogeuka, Msusi alikuwa mlangoni.

"Uliandika lini haya?"

"Usijitoe ufahamu. Uliyasoma."

"Sikuyasoma! Nilikaa pale mpaka mgongo ukaniuma."

"Mbona niliyaona yakitokea kwa macho yangu?"

"Yanatokea hapa. Si niliiweka hivyo mama asingoje? Hata yasipofika juu, hapa utayaona."

Akafungua plagi ya ule waya mpya. Ndani mlikuwa na nyuzi tatu nyembamba. Uzi wa kuleta maneno chini ulikuwa umekazwa vizuri. Wa kuyapeleka juu ulikuwa unaning'inia, haukukazwa kabisa.

"Fundi gani wewe?" Msusi akauliza, sauti imeshalainika.

"Akili haikuwa kwenye waya. Nilishajua jioni nitakuuliza nini."

Mama akajifanya anatafuta miwani, na miwani ilikuwa usoni.

Fundi akawapigia wa kazini pale pale, akawaambia haendi. Sauti ya upande wa pili ilifoka mpaka akaiweka simu mbali na sikio.

"Wamesemaje?" Msusi akauliza.

"Nisiwatafute tena maishani."

"Imekuuma?"

"Imeniuma. Ilikuwa kazi nzuri." Akamtazama. "Lakini nabaki."

Msusi akatoa kichwa dirishani. "Nyie mnaosikiliza! Msaidieni mtu kupandisha godoro!"

Uzi ulipokazwa, Fundi akapanda kuujaribu. Chumba kilikuwa kitupu, kompyuta peke yake sakafuni. Akachuchumaa. Herufi zikaanza kuingia moja moja, taratibu, za mtu anayeandika huku anafikiri:

"Masufuria yako yako kwenye maboksi, na mimi sijatia kitu tumboni tangu asubuhi, hasira tu. Mama ameshapakua. Shuka tule."