Faili ya Watiri

Soko la Nyeri lilikuwa limefurika Jumamosi hiyo ya mwaka 1979. Watiri aligeuza kichwa kuuliza bei ya karoti, na dunia ikamzunguka. Akapepesuka, akaangukia rundo la kabichi, gauni lake la maua ya manjano likajaa tope.

"Amelewa mapema," mama mmoja akasema.

Kijana mrefu mwenye suti ya kaunda akamshika kiwiko. "Hajalewa. Dada, niangalie mimi tu. Usifunge macho."

Akamwangalia. Taratibu, soko likatulia.

Kijana huyo, Nehemiah Wandera wa Busia, alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini. Alimweleza kwamba ugonjwa uko ndani ya sikio, na kwamba mwili unaweza kufundishwa upya. Watiri, mwalimu wa shule ya Giakanja, alishika neno hilo kama mtu azamaye. Tangu homa ya Machi hakuweza kugeuka kutoka ubaoni bila kuanguka, na mwalimu mkuu alikuwa amempa muhula mmoja tu wa kupona.

Kila Jumanne Nehemiah alimtembeza koridoni mwa hospitali, Watiri akigeuza shingo kushoto na kulia. Mara mbili Watiri alitapika.

"Unanitesa, daktari."

"Mimi si daktari. Na ukikimbia kizunguzungu, kitakufuata mpaka kwa kaburi."

"Ati kaburi? Ndivyo mnabembeleza wasichana huko Busia?"

Nehemiah akacheka mpaka akainamisha uso.

Wiki ya saba alipiga simu shuleni. "Watiri, nimefunga faili yako. Usikuje tena Jumanne."

Watiri akakata simu hapo hapo. Kwa wiki mbili alimwagiza karani wa shule, Gathoni, amwambie Nehemiah kila akipiga kwamba mwalimu yuko darasani. Na kweli alikuwako: kila alfajiri alifanya mazoezi kwa hasira, na kila asubuhi akafundisha.

Ijumaa saa kumi Nehemiah akatokea langoni, tai shingoni, viatu vyekundu kwa udongo.

"Ulikata simu kabla nimalize."

"Ulinifukuza."

"Siruhusiwi kuchumbia mgonjwa wangu. Nilitaka kwanza usiwe mgonjwa wangu."

"Kwa hivyo nimelia bure?"

"Pole, mpenzi."

"Baba atauliza Mluhya anatafuta nini huku Tetu."

"Nitamwambia natafuta bibi."

Watiri akauma mdomo kuzuia tabasamu. "Basi twende sasa, kabla hajaenda kukamua ng'ombe. Na utoe hiyo tai, atafikiri wewe ni mtu wa kodi."

Akamshika mkono mbele ya walimu wote, wakaanza kupanda kilima.