Fungua Mpira Kwanza, Kisha Unywe

Kra, kra, kra.

Jogoo alikuwa hajawika. Tumukunde alikuwa ameketi mlangoni, anakwangua tope kwenye buti za mume wake kwa kisu kizee. Alikwangua polepole, kwa sababu alitaka mume wake alale dakika chache zaidi.

Mume wake, Munyemana, alisema kutoka kitandani, "Maman Benitha, sauti ya kisu chako iko inaniamsha."

"Basi nilikwangua polepole bure," Tumukunde akasema. Wote wawili wakacheka kwa sauti ndogo, binti yao Benitha asiamke.

Walikaa Bweyeye, karibu na msitu wa Nyungwe. Walizaliwa na kukulia Congo, wakarudi Rwanda baada ya vita. Munyemana alifanya kazi kwenye kituo cha afya. Kila Alhamisi alibeba mgongoni sanduku lenye barafu na chupa za chanjo. Alipita vilima vitano, akichanja watoto. Alitembea kwa miguu, na goti lake moja lilikuwa bovu tangu siku za kukimbia vita.

Vilima vinne havikuwa na shida. Shida ilikuwa kilima cha tano. Alipofika huko, barafu ilikuwa imekwisha kuyeyuka. Chanjo ikipata joto hufa. Ukimchoma mtoto chanjo iliyokufa, umemwumiza bure, na surua itamkamata.

Mara mbili Munyemana alifika kilima cha tano, akafungua sanduku, akakuta maji. Mara mbili aliwaambia akina mama warudi nyumbani na watoto wao. Mara ya pili bibi mmoja, jina lake Védastine, alimpa viazi vitamu vilivyofungwa kwenye jani la mgomba. "Si kosa lako," bibi alimwambia. "Kula, safari ni ndefu." Munyemana alikula viazi vile njiani. Havikushuka vizuri, kwa sababu alikuwa na aibu.

Aliporudi alimwambia mke wake, "Ninahitaji kinga."

Kinga ni baiskeli. Ndivyo walivyoiita walipokuwa Bukavu.

"Mchungaji alikuazima ya kwake," Tumukunde akasema, "ukarudi na mgongo umevunjika."

"Ile ni ngumu kama kitanda cha gereza. Mawe ya barabara hii yanataka kinga yenye amotisa mbili. Moja mbele, moja chini ya kiti. Jiwe likipiga gurudumu, amotisa inashuka na kupanda, na muntu hasikii. Kuna ambazo wazungu wa mashirika waliziacha. Zinauzwa Kamembe."

Waliuza mbuzi wawili. Hawakuwa na mbuzi wa tatu.

Siku ya soko Tumukunde alifunga pesa katika kitambaa, akampa mume wake. "Ukifika Kamembe, kabla hujafungua kinywa, mwone Odette."

Odette alikuwa jirani yao wa zamani kule Bukavu. Mume wake alikuwa fundi wa baiskeli. Alipofariki, Odette alishika funguo zake za kukazia bolti na kuendelea na kazi. Sasa alikuwa na kibanda karibu na maegesho ya mabasi ya Kamembe.

"Nitamwona," Munyemana akasema.

Lakini aliposhuka kwenye lori, kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa baiskeli moja.

Ilikuwa nyekundu. Ilikuwa na amotisa mbili. Na fremu yake yote ilikuwa imezungushiwa vipande vyeusi vya mpira wa gurudumu, vimebanwa vizuri, safu juu ya safu. Huko kwetu, mtu anayependa baiskeli yake huivalisha hivyo, mizigo isije ikachubua rangi. Munyemana aliitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyefungwa vizuri mgongoni. Akawaza, mwenyewe aliitunza.

Mwuzaji aliitwa Akilimali. Alikuwa mfanyabiashara kutoka Bukavu, mwembamba, mwenye maneno mengi.

"Papa, sogea, usiogope! Hii si kinga, hii ni matela, godoro kabisa! Bonyeza kiti, uone."

Munyemana alibonyeza kiti. Kikashuka laini, laini kabisa.

"Unaona? Utasinzia juu yake. Ilikuwa ya muzungu. Alirudi kwao, akalia kwa kuiacha."

"Alilia?"

"Machozi, Papa! Kwa hiki kiti!"

Munyemana alicheka. Wakapatana bei, na bei ilikuwa pesa zote zilizokuwa kwenye kitambaa.

"Na matabishi je?" Munyemana akauliza. Matabishi ni kile kidogo ambacho mwuzaji mwema humwongezea mnunuzi.

"Nakupa pompi. Utajaza upepo mpaka uzee."

Akilimali akanunua chupa ya pombe ya ndizi, akatia mirija miwili. Desturi inajulikana. Mnunuzi na mwuzaji wakishakunywa pamoja, mapatano yamefungwa. Hakuna kurudisha. Anayerudisha kitu baada ya kunywa, hakuna atakayefanya naye biashara tena.

Akilimali alishika chupa. Munyemana aliinamisha kichwa, mrija ukagusa midomo yake.

"Papa Benitha!"

Mwanamke mnene alikuwa anakuja mbiombio, ufunguo wa baiskeli umechomekwa kwenye kitenge kiunoni. Alikuwa Odette.

"Umeshakunywa?"

"Bado."

"Basi toa mdomo. Maman Benitha alinitumia neno kwa dereva wa lori. Alisema, 'Mume wangu anakuja, na najua atapenda cha kwanza atakachokiona.'"

Munyemana aliona haya. Lakini moyoni alimshukuru mke wake, aliyemlinda hata kwa mbali.

"Maman, unaniharibia soko," Akilimali akasema. "Mpaka wa Congo unafungwa saa kumi na mbili. Naenda kulala wapi mimi?"

"Mpaka ukifungwa, utalala kwangu na batoto wangu, tutakula sambaza, vile visamaki vya ziwa. Sasa nishikie chupa, usiimwage."

Odette hakubonyeza kiti. Alikishika na kukiinua juu kidogo, polepole, gurudumu likiwa bado chini.

Tok.

Alikishusha, akakiinua tena. Tok.

"Papa Benitha, weka kidole hapa, mahali mkono wa nyuma, huu unaoshika gurudumu, unapoungana na fremu. Umesikia?"

"Nimesikia. Inacheza."

"Sasa tazama amotisa. Iko na mafuta nje. Mafuta yake yanatakiwa kukaa ndani. Ukiibonyeza iko laini. Iko laini kwa sababu imechoka. Amotisa nzuri inashuka, halafu inarudi yenyewe, pole pole. Hii inashuka kama muzee anayeketi."

Watu wawili waliokuwa karibu walicheka. Akilimali hakucheka.

Odette akachukua kisu. "Tufungue mipira."

"Hapana, Maman!" Munyemana akasema. "Muntu aliifunga kwa mapendo."

"Kama ni mapendo, yatabaki. Tutafunga tena."

Alifungua kipande kimoja, cha pili, cha tatu. Chini ya kiti, mahali fremu ilipounganishwa, palikuwa na mstari mwembamba kama unywele.

"Huo ni mkwaruzo tu," Akilimali akasema.

"Pengine. Papa Benitha, keti juu."

Munyemana aliketi. Odette aliinama, akamwita Akilimali ainame pia. Munyemana alipojisogeza, ule mstari ulifunguka na kufungika, kama mdomo wa samaki.

"Inaweza kuchomelewa," Munyemana akasema mwishowe. Sauti yake ilikuwa ndogo. Alikuwa anawaza mbuzi wake.

Odette alitoa mfukoni sumaku ya redio mbovu, akaigusisha kwenye fremu. Sumaku ikaanguka chini. "Unaona? Sumaku inashika chuma. Hii si chuma, ni aluminiyumu, kama sufuria. Fundi wa hapa akiichomelea, itavunjika pembeni. Fikiri uko kwenye mteremko wa Bweyeye, sanduku mgongoni."

Munyemana alifikiri. Akashuka kwenye baiskeli.

Akilimali alikuwa ameketi juu ya jiwe, chupa mikononi. Maneno yake mengi yalikuwa yamekwisha. "Mimi pia niliinunua imefungwa," alisema. "Sikufungua. Nilikunywa haraka."

Odette alimtazama. Angeweza kumtukana mbele ya watu. Badala yake alimwambia, "Hata mimi nilishanunua hivyo. Toa amotisa ya mbele, gurudumu na pedali, uuze kimoja kimoja. Hutapoteza yote. Lakini ile fremu usimwuzie muntu."

"Simwuzii," Akilimali akasema. Kisha akamgeukia Munyemana. "Papa, nikipata ingine, nitaileta bila nguo. Utaiona uchi."

Kabla lori halijaondoka, Odette alimkalisha Munyemana kibandani na kumpa chai. "Jambo lingine," alimwambia. "Ulitaka kutoa pesa yote. Kinga ya kuzeeka haiji peke yake, inakuja na njaa yake. Itataka cheni, itataka freni. Ukiwa na pesa ya mbuzi wawili, nunua ya mbuzi mmoja na nusu. Ile nusu ndiyo itakayoifanya itembee."

Munyemana alirudi Bweyeye mikono mitupu. Tumukunde alimwona anashuka kwenye lori bila baiskeli. Alimpokea begi, akamwekea maji ya moto kwa ajili ya goti. Munyemana alipomaliza kumweleza, alirudisha kitambaa mezani, bado kimefungwa.

"Mbuzi wetu bado wako hapa, basi," Tumukunde akasema, akikigusa kitambaa.

Wiki tano alitembea kwa miguu tena. Kilima cha tano hakukifikia, kwa sababu barafu isingedumu. Lakini kila baiskeli iliyopita kituoni aliisimamisha. Aliinua kiti, akapapasa chini, akasikiliza. Watu walimcheka. "Daktari wa ba kinga amekuja! Munyemana, mpe sindano!" Yeye alicheka nao, akaendelea kupapasa.

Kisha dereva wa lori akaleta neno kutoka Kamembe. Akilimali amepata nyingine.

Munyemana akapanda lori na kitambaa chake. Baiskeli ilikuwa mbaya kuitazama. Rangi yake ya kijani ilikuwa imefifia, kiti kimechanika, na hapakuwa na hata kipande kimoja cha mpira juu ya fremu.

"Nimeileta uchi, kama nilivyosema," Akilimali akasema.

Munyemana alimtazama Odette. Odette aliweka mikono nyuma ya mgongo. "Si mimi ninayeenda kuipanda," akasema.

Basi Munyemana akaanza. Alipitisha kidole kwenye kila kiungo cha fremu, juu na chini, akakwaruza kwa ukucha kila mstari aliouona. Ilikuwa mikwaruzo ya rangi tu. Alichukua sumaku. Ikashika. Alibonyeza kiti kwa uzito wake wote, na amotisa ya nyuma, ambayo ilikuwa ya springi nene ya chuma, ikashuka na kurudi yenyewe bila kuruka. Alipapasa miguu ya mbele inayoshika gurudumu. Ilikuwa mikavu, haina mafuta. Alibana freni ya mbele, akaisukuma baiskeli mbele na nyuma. Usukani haukucheza. Alizungusha magurudumu, yakaenda sawa.

Halafu akainua kiti.

Tok.

Akamtazama Odette.

"Usikimbie," Odette akasema. "Tok ingine ni ugonjwa. Tok ingine ni bolti inayolala. Iamshe kwanza." Akamrushia ufunguo.

Munyemana alikaza bolti kubwa ya mkono wa nyuma. Akainua kiti tena. Kimya. Akainua mara ya tatu, ya nne. Kimya.

"Nataka kuipanda na mzigo," akasema.

Walimfungia mgongoni gunia la mawe, zito kama sanduku lake. Akaenda mpaka mteremko wa mawe nyuma ya soko, akashuka, akapanda, akarudi. Uso wake ulikuwa na jasho na meno yake yote yalionekana.

"Cheni imechoka," alisema. "Freni za nyuma zimekwisha. Mpira wa nyuma hautafika Pasaka. Kwa hayo, Papa Akilimali, upunguze."

"Maman Odette," Akilimali akasema, "umezaa mwingine kama wewe. Nitakula nini?"

"Sambaza," Odette akajibu.

Akilimali akapunguza. Pesa iliyobaki ilitosha cheni, freni na mpira mpya. Waliandika karatasi. Munyemana alisoma namba iliyopigwa chini ya fremu, Akilimali akaiandika pamoja na jina lake na tarehe. Wakatia sahihi, Odette akiwa shahidi. Siku yoyote mtu akiuliza baiskeli imetoka wapi, karatasi itajibu.

Ndipo chupa ya pombe ya ndizi ikafunguliwa. Wanaume wakanywa kwa mirija miwili. Odette, ambaye kanisa lake halikubali pombe, aliinua kikombe chake cha chai.

Alhamisi iliyofuata, kisu cha Tumukunde hakikusikika mlangoni. Buti zilikuwa safi. Badala yake kulisikika pompi, fu, fu, fu. Ile pompi ya matabishi. Akilimali alikuwa ameitoa hata safari hii. Tumukunde ndiye aliyekuwa anajaza upepo, na Benitha alikuwa ameshika tochi.

Munyemana alifika kilima cha tano jua likiwa bado juu. Alisukuma baiskeli kwenye miinuko mikali, na kwenye mawe alipanda, goti lake likatulia. Bibi Védastine alikuwa amesimama njiani na mjukuu wake. Nyuma yake akina mama walikuwa wameketi kwenye majani.

Munyemana alishusha sanduku, akalitikisa.

Ko, ko, ko. Barafu ilikuwa inagonga ndani.

Bibi Védastine aliweka sikio lake kwenye sanduku. "Tikisa tena," akasema. Munyemana akatikisa tena, na akina mama wakapiga makofi kana kwamba ni ngoma.

Siku ile watoto ishirini na sita walichanjwa kwenye kilima cha tano. Walilia wote, na hakuna aliyelia bure.

Jua lilipoanza kushuka, Munyemana alifunga sanduku mgongoni. Bibi Védastine alimletea viazi vitamu kwenye jani la mgomba, kama siku ile nyingine. Safari hii Munyemana alikula palepale, akamaliza vyote.

Bibi alipapasa kile kiti kilichochanika. "Huyu punda wako ni mbaya wa sura," akasema.

"Ndiyo, Bibi. Lakini nilimpapasa wote kabla ya kumnunua."

"Basi mlete tena. Alhamisi ijayo uje na sindano. Na kabla ya hapo, uje siku moja bila sindano. Njoo na mke wako, mkae, tule. Mtakuja?"