Mpira Kwenye Vali ya Gesi

Dagaa wakishashuka kijijini Tumbe, hakuna anayekaa kitako. Wanaume hubeba ndoo kutoka pwani. Wanawake huchemsha maji ya chumvi, hutia dagaa, kisha huwaanika kwenye chanja. Zulekha na mumewe, Jaribu, walichemshia bandani mwao kwa jiko kubwa la gesi. Kuni Zulekha aliziacha mwenyewe. Moshi ulimchoma macho miaka mingi, akasema basi.

Jiko hilo lilikuwa na kitufe kwenye vali. Unakibonyeza, unawasha, unakishikilia kidogo, kisha unakiachia. Moto unabaki. Lakini sasa jiko lilianza vituko. Zulekha akiachia kitufe tu, moto unazimika.

Asubuhi moja ndoo zilijaa dagaa hadi mlangoni. Mchuuzi Abdulsamad alikuja na pikapu yake kutoka Wete.

"Bi Zulekha, bado tu? Mimi nawahi boti!"

"Jiko halishiki moto."

"Yakhe, hilo nalo ni jambo? Bonyezeni kitufe, mkifunge na mpira. Wengi wanafanya hivyo."

Jaribu alikata utepe wa mpira wa baiskeli. Akakifunga kitufe, kikabaki kimezama. Akawasha. Moto ukashika, ukanguruma.

"Umeona, Mama Nahla?" alimwambia mkewe akicheka.

Zulekha hakucheka. Kama kitufe kilitakiwa kufungwa, waliolitengeneza jiko wangekifunga wao. Lakini Abdulsamad alikuwa akipiga honi, basi Zulekha akaliacha liwake. Akatoka kwenda kuchukua chumvi.

Aliporudi, maji yalikuwa yamefura na kumwagikia jiko. Moto ulikuwa umezimika. Harufu ya gesi ilimpiga puani. Jaribu alikuwa ameinama mbele ya jiko, kibiriti mkononi.

"Usiwashe!"

Alimpokonya kibiriti. Akakimbilia mtungi uliokuwa nje ya ukuta, akaufunga.

"Toka nje! Acha mlango wazi! Usiguse swichi ya taa!"

Walisimama mbali mpaka upepo ulipoiondoa harufu yote. Abdulsamad ndiye aliyesema mwanzo.

"Haya, harufu imekwisha. Washeni tena, upesi."

Zulekha aliingia bandani na kisu. Akaukata ule mpira, akautupa miguuni pa Abdulsamad.

"Siwashi."

"Dagaa wataoza!"

"Na waoze."

"Unashindana na mumeo, Bi Zulekha?"

"Nashindana na yeyote anayetaka tuungue. Hapa hapawashwi mpaka fundi aje. Ukitaka dagaa leo, nenda kwengine."

Abdulsamad aliondoka akitukana. Jaribu alikasirika. Aliona haya mbele ya watu, na dagaa wale ndio waliokuwa riziki yao. Hata hivyo, alikusanya makumbi ya nazi na kuwasha moto nje, mbali na mtungi. Walichemsha ndoo chache. Zilizobaki ziliharibika. Zulekha alizimwaga mwenyewe, roho ikimuuma. Lakini hakulegea.

Alasiri alikuja Petronila, fundi wa majiko ya gesi anayekaa Konde. Walisalimiana, akakaribishwa. Hakugusa kitu kabla ya kuhakikisha kuwa mtungi umefungwa na jiko limepoa.

"Nani aliyefunga mpira hapa?" aliuliza. Alama ilikuwa bado ipo.

"Mimi," alisema Jaribu.

"Basi ulimfunga mlinzi mikono. Njooni muone."

Aliwaonyesha kijiti chembamba cha chuma kando ya matundu ya moto.

"Hiki mafundi tunakiita themokapo. Kazi yake kuhisi moto. Kikiwa cha moto, kinaiambia vali ibaki wazi. Kikipoa, vali inajifunga na gesi inakatika. Ukifunga kitufe na mpira, moto ukizimika gesi inaendelea kutoka. Nayo ni nzito, inatambaa chini. Cheche moja tu inatosha."

"Sasa mbona vali inajifunga wakati moto unawaka?" aliuliza Zulekha.

"Angalia ncha yake."

Ncha ilikuwa imeganda chumvi na masizi. Maji ya dagaa yalikuwa yakiimwagikia kila siku. Petronila aliisugua kwa msasa laini. Akakaza nati yake kwenye vali, akahakikisha kuwa ncha inaguswa na moto. Kisha akafungua mtungi na kupaka povu la sabuni kwenye maungio yote. Hapakutoka mapovu. Wakajaribu kuwasha. Kitufe kikaachiwa, moto ukafa.

"Kijiti kimechoka," alisema Petronila. Akafunga mtungi, akatia themokapo mpya. Safari hii moto ulibaki.

"Na kama hata hiki kipya kisingesaidia?" aliuliza Jaribu.

"Basi vali yenyewe ingekuwa mbovu. Hiyo usiifungue tumboni. Fundi anabadilisha nzima."

Mwisho Petronila aliufunga mtungi ili moto ufe. Wote wakatega sikio. Punde vali ikalia, tak! Akafungua mtungi tena bila kugusa kitufe. Gesi haikutoka.

"Sasa mlinzi yuko kazini," alisema.

Tangu hapo Zulekha hakujaza maji hadi ukingoni. Kila kazi ikiisha na jiko likipoa, Jaribu alifuta ile ncha mwenyewe, na kila walipoweka mtungi mpya alipaka maungio povu la sabuni kwanza. Siku moja maji yalimwagika tena. Moto ukazimika, vali ikajifunga. Hawakusikia harufu. Walifuta maji, wakawasha, dagaa wakaiva.

Abdulsamad alirudi dagaa walipopatikana kwa wingi. Aliokota dagaa mmoja kwenye chanja, akamvunja, akamtia kinywani. Dagaa walikuwa safi, hawana hata harufu ya moshi.

"Nitawachukua wote," alisema. "Lakini siku ile ulinitia hasara, Bi Zulekha."

"Kweli," alijibu Zulekha. "Na vali ikikorofisha kesho, nitakutia hasara tena."