Maneno Meupe Kwenye Kioo

Kila alipotoka shule, Nyamizi alipitia ofisi ya mama yake mdogo, Apolonia, aliyekuwa akichapa barua za watu karibu na soko la Bariadi. Ilikuwa mwaka 2003. Kompyuta ya ofisini ilitumia mfumo uitwao Linux, na ndani yake ilitunzwa sauti ya Esteria, mama yake Nyamizi, aliyefariki mwaka uliotangulia. Kanda iliyorekodiwa sauti hiyo mwanzoni ilikuwa imeshakatika. Nyamizi alizoea kuisikiliza sauti hiyo kabla ya kufagia.

Jumatatu moja Apolonia alikwenda Dutwa. Nyamizi akafungua mchezo aliokatazwa. Ghafla kompyuta ikaganda, kioo kikajaa mistari ya maneno meupe. Kwa hofu, akabonyeza kitufe cha kuzima. Wiki ile iliganda mara mbili zaidi, na kila mara aliizima.

"Kuna lolote lililotokea hapa?" Apolonia aliuliza aliporudi kutoka Dutwa.

"Hapana, mama mdogo."

Ijumaa kompyuta haikuwaka kabisa. Fundi Machibya alikuja kwa basi kutoka Mwanza. Aliifungua, akasikiliza diski iliyohifadhi kila kitu ikigonga, akatikisa kichwa.

"Diski imekufa. Kompyuta haikuonyesha maneno yoyote kabla?"

Nyamizi akaanza kulia. "Yalionekana mara tatu. Nikazima. Sikuyasoma."

Machibya akachuchumaa mbele yake. "Linux ikianguka, yaani ikiganda ghafla, huandika kilichoiangusha. Diski ikiwa mbovu haiwezi kuyahifadhi maneno hayo. Hubaki kwenye kioo tu. Ungeyanakili siku ya kwanza, ningejua ni diski, tukahamisha kila kitu."

"Na sauti ya mama?"

"Haipo tena, binti yangu."

Apolonia alitoka nje, khanga mdomoni. Esteria alikuwa dada yake wa pekee.

Diski mpya iliwekwa. Mwezi uliofuata kompyuta ikaganda tena, maneno meupe yakajaa kwenye kioo. Safari hii Nyamizi hakugusa kitufe. Alichukua daftari, akanakili kila herufi na tarakimu, kisha akaongeza: "Nilikuwa nachapa barua, nikafungua mchezo." Apolonia aliusoma mstari ule, hakumgombeza. Akamsomea fundi yote kwa simu. Machibya akatambua kuwa kipande cha kumbukumbu ndani ya kompyuta ndicho kibovu, akaja kukibadilisha.

"Sasa inafanya kazi," Nyamizi alisema, "lakini mama hayumo."

"Hayumo," Apolonia alijibu, akimvuta karibu. "Nami bado naumia. Lakini mchezo haukuiua diski, mwanangu. Ilikuwa inakufa hata usingecheza. Kilichotunyima sauti yake ni kuficha. Jambo likiharibika, usifute dalili zake kwa hofu. Andika ulichokiona, sema ulichofanya, wakati bado kuna cha kuokoa."