Picha ya Watatu

Yalimpata Diệp, rafiki yangu wa Hanoi. Alimwonea kijicho Ngân, mwenzake wa kuzunguka mitaani na kamera, kwa sababu picha za Ngân ndizo zilizosifiwa kila mara.

Siku moja mvua iliwakimbizia kichochoroni, giza mchana kweupe, wakamkuta mama muuza chai.

"Dada Ngân, simama katikati yetu tupige ya ukumbusho," akasema Diệp, sauti tamu kama asali.

"Picha ya watu watatu?" muuza chai akamaka. "Wa katikati si ndiye anayetangulia kufa? Msiniingize kwenye mkosi wenu!" Akabeba birika lake, kandambili zikalia chapa, chapa, mpaka zikapotea.

Ngân akamgeukia Diệp, akacheka. "Mchawi mkubwa wewe! Haya, tupige wawili."

Diệp akaitegesha kamera ijipige yenyewe juu ya kigoda cha muuza chai, akakimbilia ubavuni kwa Ngân. Walipokuwa wakisubiri, alisikia kandambili zilizolowa zikija gizani. Chapa, chapa. Zikasimama kando yake. Kamera ikalia. Akageuka: hapakuwa na mtu.

Wakaitazama picha. Ngân alikuwa pembeni, anatabasamu. Pembeni kwingine alisimama mtu, uso haukuonekana, maji yakimchuruzika.

Katikati alikuwa Diệp.