Kona Iliyokatwa Mshazari

Mteja alitaka nakala moja tu ya kitambulisho chake, lakini mashine ikatoa mbili.

Hilo peke yake si la kumtoa mtu jasho. Mashine ya Mama Nakala ilikuwa na uzee wake na visirani vyake. Kuna siku ilimeza karatasi, kuna siku ilikohoa wino kama mvuta kiko. Mteja, mwalimu mmoja mwenye haraka zake, alichukua karatasi ya juu, akalipa, akaenda. Mama Nakala akaishika ile ya pili aitie kwenye pipa, na hapo mkono ukamganda. Jina lilelile, namba ileile, shati lilelile pichani. Ila mwalimu wa kwenye karatasi hii alikuwa amefumba macho.

Akainusa, wala hakujua kwa nini. Haikunuka wino. Ilinuka tope la kisima.

"Aa, macho yangu haya," akajisemea, akaichana vipande vipande. Lakini moyoni palikuwa na jambo, na jambo lenyewe alilijua.

Tusimwonee kabla hatujamjua. Mama Nakala hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kaduka ka kutoa nakala, ukuta kwa ukuta na saluni ya rafiki yake Msusi. Alikuwa na mume dereva wa lori, anayekuja nyumbani kama mgeni. Alikuwa na binti mmoja, Kidege, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukufungwa tangu alfajiri mpaka usingizi umwangushe. Na alikuwa na ugonjwa mmoja: kadi.

Si karata za kamari, la hasha. Ni zile kadi za picha, za mashujaa na mazimwi na mito, ambazo kila mchezaji hukusanya zake, akachagua sitini, zikawa fungu lake la kwendea vitani. Jumamosi alasiri, wateja wakipungua, Msusi alifuta meza ya saluni na wenzake wakaketi: Mama Nakala, Kinyozi wa ng'ambo ya barabara, na Bi Mwosha, mama mtu mzima ambaye kazi yake ilikuwa kuosha maiti za wanawake, na ambaye kwenye kadi alishindwa kila mara kwa furaha kwa kuwa alichagua zenye maua tu. Ulikuwa mchezo wa kirafiki, aliyeshinda akitaniwa kuliko aliyeshindwa. Walikuwa na sheria moja ya utu. Kama kadi huna, tia nakala ya karatasi, si dhambi, mradi ukikaa mezani useme: "Jamani, humu nina nakala." Nakala zenyewe alizitoa nani? Mama Nakala, na tena bure.

Fungu lake lilikuwa la maji. Alilihangaikia miezi na miezi, akitoa na kutia. Alipunguza mazimwi mazito yaliyokuwa yakimkwama mkononi, akaongeza vijito vidogo vya kuanzia, akatoa mvua, akairudisha mvua. Likawa linakwenda, ila mwisho wa mchezo likaishiwa pumzi, na alijua kilichopungua. Ni Malkia wa Kisima, mwanamke anayeibuka kisimani nywele zikichuruzika na macho yamefumbwa, ambaye akishushwa mezani humrudisha aliyekwisha kutupwa. Na Malkia huyo alikuwa kwa Msusi, kwenye fungu la moto! Kipofu na kioo. Hakufanya kazi yoyote humo. Msusi alimweka kwa sababu alipewa na kaka yake, na kaka yake sasa ni marehemu.

Mama Nakala angeweza kutoa nakala, akaitia, akasema. Nani angemzuia? Lakini mtu anayeuza nakala kutwa nzima hufika mahali akatamani kitu kimoja halisi kiwe chake. Basi siku Msusi alipomwambia, "Nitunzie fungu langu, shoga, nakimbilia kwa mteja," alimtoa Malkia kwenye kifuko chake cha plastiki, akampiga nakala ya rangi kwenye karatasi nene, akaikata. Mkono ulimtetemeka. Kwenye kona ya chini ya kushoto mkasi ukaenda mshazari. Kifuko kitaficha, akasema. Nakala akaitia kwa Msusi, na Malkia akamweka kwake.

Jumamosi hiyo alipoketi alisema, kwa sauti ya uaminifu kabisa, "Jamani, humu nina nakala moja." Akashinda michezo yote. Na aliyempigia makofi kuliko wote alikuwa Msusi.

"Fungu limeiva, shoga! Umelifanyaje?"

"Nimepunguza mvua," akajibu, akitazama mezani. Masikio yalimwaka kwa aibu, akadhani wote wanayaona.

Jumatatu ndiyo mashine ikatoa mwalimu aliyefumba macho. Na jioni ileile, akiwa jikoni, akaita, "Kidege!"

"Abee, mama," ikajibu sauti kutoka chumbani.

"Abee, mama," ikajibu sauti kutoka mlango wa nyuma.

Sauti ileile, pamoja, kama watoto wawili wanaosoma somo moja. Mama Nakala akasimama na mwiko mkononi. Kisha akasikia kitu kingine, kamba ikikwaruza ukingo wa jiwe, kwiri, kwiri, ndoo ikipandishwa polepole kutoka chini sana, na nyumba yake haikuwa na kisima, ilikuwa na bomba. Alikwenda mlango wa nyuma kwanza. Hapakuwa na mtu, ila unyayo mmoja mdogo, wa maji, vidole vikielekea nje. Akarudi mbio chumbani. Kidege alikuwa ameketi kitandani, mgongo mlangoni, kimya.

Kidege, na ukimya!

"Unaumwa, mwanangu?"

"Hapana, mama."

"Mbona huongei?"

"Nikuongelee nini, mama?"

Akamshika mkono. Ulikuwa baridi, mkavu, mwepesi mno. Na alipomlaza na kumsogezea taa, akajiambia ni homa tu, na homa ina dawa, na kesho watakwenda zahanati, huku macho yake yakishuka yenyewe kutoka kwenye paji la uso kwenda shavuni, na kutoka shavuni kwenda sikioni, sikio la kushoto, ambalo ndewe yake, nyama ya chini, jana ilikuwa ya mviringo na laini kama ya mtoto yeyote, na leo ilikuwa imenyooka, imekatwa mshazari, bila kovu wala damu, kama karatasi iliyokatwa na mkono unaotetemeka.

Asubuhi hakwenda zahanati. Alikwenda kwa Bi Mwosha.

Bi Mwosha alikuwa akianika mashuka uani. Alimtazama mgeni wake, kisha akatazama nyuma yake.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Mbona nyayo ni za watu wawili?" Akashusha sauti. "Ingia. Usigeuke."

Ndani, Mama Nakala alieleza mambo yote, ya mashine, ya sauti mbili, ya sikio. Yote ila lile moja. "Labda kuna kitu nimekiokota, Bi Mwosha. Kitu kisicho changu."

"Umekiokota, au umekichukua?"

Mama Nakala akatazama vidole vyake vya miguu.

"Basi nisikilize," Bi Mwosha akanong'ona, asiulize zaidi, maana Jumamosi alimwona Malkia mezani. "Vitu vya marehemu vina wa kuvilinda, na huyo hana ubaya mpaka achokozwe. Jini ni mwanafunzi hodari, mwanangu. Ameingia kwako akakuona unachukua halisi na kuacha nakala, naye ameiga. Binti yako hajafa. Yuko palepale ulipofanyia kazi hiyo. Irudishe kadi kwa mwenyewe."

"Nitairudisha leo hii."

"Kwa mdomo! Usirudishe kwa mkono tu. Ulichokichukua kimyakimya, ukikirudisha kimyakimya umeiba mara ya pili. Ketini macho kwa macho, useme."

"Ataniona vipi, Bi Mwosha?"

"Atakuona ulivyo. Ndiyo dawa yenyewe."

Ee, binadamu! Njia nzima Mama Nakala alilifanyia mazoezi lile neno. Shoga, nisamehe. Shoga, kuna jambo. Alipofika saluni, Msusi aligeuka na kicheko chake kikubwa, povu mpaka kwenye viwiko, akasema, "Afadhali umekuja, nilikukosa tangu asubuhi!" Neno likarudi tumboni. Akaangalia droo ya meza, fungu la moto limo. Msusi akainama kusuuza kichwa cha mteja. Ilichukua muda wa kufumba na kufumbua. Malkia akarudi kwenye fungu la Msusi, nakala ikaingia kwenye kanga, na nyuma ya duka Mama Nakala akaichoma moto. Moshi wake ulinuka tope. Kusema na kurudisha, si kitu kimoja tu? akajipa moyo.

Na kesho yake, amini usiamini, Kidege akaongea! Akaongea kama zamani, hadithi ya paka wa shule, hadithi ya rafiki yake aliyemeza kitufe. Mama Nakala akacheka mpaka machozi. Ni hadithi za wiki iliyopita, neno kwa neno, na kicheko mahali palepale, lakini akacheka. Kisha akamfunga binti kitambaa kichwani, kikafunika masikio yote mawili, na hakukifungua tena.

Dukani ndiko kulikuwa kugumu. Mashine ikiwa imezimwa, mwanga wa kijani ulipita chini ya kifuniko, ukaenda, ukarudi. Na ndani kabisa, kwa mbali, kama mtu aliye chini ya maji marefu, mtoto aliita, "Mama." Akachomoa waya. "Mama, huku kuna giza." Alijua la kufanya. Ilikuwa ni kuvuka hatua chache tu mpaka mlango wa pili, na kufungua kinywa. Lakini kila alipoiona akilini sura ya Msusi ikibadilika, na Kinyozi akilitembeza jambo hilo barabara nzima, Mama Nakala mwizi, tena wa kadi, tena ya marehemu, alinyoosha mkono rafuni, akaongeza sauti ya redio, akaiongeza tena, mpaka wateja wakawa wanazungumza naye kwa ishara.

Ikaja Jumamosi. Akazima redio, akafunga duka kwa kufuli, akamshika binti mkono, wakaingia saluni.

"Leo namsuka Kidege kwanza," Msusi akasema. "Kadi zitangoja."

"Aa, shoga, usijisumbue, nitamsuka mwenyewe..."

"Wewe ujue kusuka tangu lini?" Kinyozi akacheka. Msusi alikwisha kumkalisha mtoto kwenye kiti na kukivuta kitambaa. Akaanza kuchana nywele. Kisha kitana kikasimama.

"Mama Nakala," akasema taratibu, "ndewe ya mtoto imekatwa na nini?"

"Amezaliwa nayo."

Uongo ulimtoka mwepesi hivyo. Kwenye kioo, mtoto akatabasamu, macho yamefumbwa. Harufu ya tope ikajaa saluni. Na nyuma ya ukuta, kwenye duka lililofungwa, mashine iliyochomolewa waya ikaanza kupiga, na kamba ikakwaruza jiwe, kwiri, kwiri, na sauti ndogo iliyochoka ikaita, "Mama."

Wote walisikia. Kinyozi aliachia kadi zake zikatawanyika sakafuni. Bi Mwosha hakumtazama mtoto wala ukuta. Alimtazama Mama Nakala.

Ndipo akapiga magoti, na maneno yakatoka bila mpangilio, kwamba alimtamani Malkia, kwamba aliachiwa fungu kwa kuaminiwa naye akalipekua, kwamba alikata kwa mkasi na kona ikaenda upande, kwamba alikaa kwenye meza hii akasema ana nakala ilhali nakala alimwachia rafiki yake, kwamba aliirudisha kama alivyoiiba, kwa kificho, kwa sababu alimwonea aibu yeye Msusi kuliko alivyomwonea huruma mtoto wake.

Msusi akasema, na sauti yake haikuwa na hasira, afadhali ingekuwa nayo:

"Nilijua siku ileile. Kadi ya kaka yangu naijua kona zake kama kiganja changu."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nikikungoja wewe. Kila nilipokuona nasema, leo atasema. Iliporudi ndipo nikasema, haya, sasa atasema."

Kwenye kiti, shuka la kusukia alilofunikwa mtoto lilinywea polepole, likalala. Chini yake palikuwa na maji tu, yakichuruzika kuelekea mlangoni, vidole vya unyayo mdogo vikielekea nje.

Mama Nakala aliufungua ule mlango wa duka kwa mikono iliyokosa tundu la kufuli mara mbili. Kidege wake alikuwa amejikunja chini ya mashine, amelowa mpaka kifuani, midomo imebadilika rangi, sikio la kushoto mviringo kama alivyomzaa. Alipomnyanyua alikuwa mzito, mzito kweli, na mtoto akamkumbatia shingo kwa mikono yote miwili, akitetemeka.

"Mama," akasema, sauti imemkauka. "Nilikuita sana. Nilikuita kila siku. Ulikuwa hunisikii?"

Mlangoni walikuwa wamesimama watatu wale, hakuna aliyemwingilia. Redio ilikuwa juu ya rafu, kitufe chake cha sauti kimezungushwa mpaka mwisho. Uongo ulikuwa tayari ulimini, mdogo, wa huruma, wala hakuna ambaye angemlaumu.

"Nilikusikia," akasema.

Kidege akamtazama usoni kwa muda. Kisha akaiondoa mikono yake shingoni mwa mama, mmoja baada ya mwingine, akamnyooshea Msusi.